Sanduku la makoboi la dola 40: usiuze kwanza, na ule mkebe wa kutu usiufungue ovyo

Swali limetoka kwa dada mmoja anaishi Columbus, Ohio, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nilienda mnada wa vitu vya marehemu mtaani kwetu nikanunua sanduku la mbao kwa dola 40, nililipendea sanduku lenyewe. Ndani nimekuta mikebe minne midogo ya filamu, mmoja mkubwa umejaa kutu, na karatasi sita nene za rangi zimeandikwa Tom Mix. Mume wangu anasema takataka, tupa. Nimegoogle naona ni sinema za makoboi za enzi za filamu bubu, zisizo na sauti. Sasa watu wanazipendea nini hizi, na zina hela au hazina?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, ule mkebe mkubwa uko wapi saa hizi? Kama uko jikoni au stoo karibu na boila, uache kusoma kwanza, ukautoe taratibu, uweke sehemu ya baridi na kivuli nje ya nyumba mnayolala, gereji isiyo na hita inatosha, alafu urudi tuongee. Usiutikise, usiubandue kwa bisibisi, na shemeji kama ni mtu wa sigara asiende nayo huko.

Sababu ni hii. Mikanda ya sinema ya upana wa milimita 35 iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 50 mingi ni ya nitreti, na nitreti ni ukoo mmoja na baruti, sio utani. Ikishika moto maji hayasaidii, manake inajitengenezea oksijeni yake yenyewe inavyoungua, unaitumbukiza kwenye ndoo na inaendelea kuwaka humo humo ndani ya maji. Na joto tu linaweza kuianzisha kama imeshaanza kuoza. Ntakupa kisa kinachohusu karatasi zako moja kwa moja: Julai 1937, pale Little Ferry, New Jersey, kulikuwa na joto la kufa mtu, ghala la kampuni ya sinema ya Fox lililokuwa limejaa mikanda likawaka lenyewe usiku, kijana mmoja akafariki, na filamu bubu za Fox zilizokuwemo zikaisha zote. Sasa Tom Mix alikuwa steringi wa makoboi wa Fox toka 1917 mpaka 1928. Miaka yake yote ya utamu iliondoka usiku ule. Zipo chache zilizopona kwa sababu kopi zilikuwa zimezagaa kwingine, ila kwa filamu zake nyingi kilichobaki duniani ni makaratasi tu, mabango, picha na kadi kama hizo alizosema shemeji utupe.

Haya, tumeshatoa hatari nje, tuongee raha sasa.

Umeuliza watu wanazipendea nini. Mimi nilianza kazi hii nikiwa kijana Tanga miaka ya 70, nilikuwa nabeba marili kwa baiskeli kati ya sinema mbili zilizokuwa zinagawana kopi moja, huku rili la kwanza likiisha nalikimbiza kule, ukichelewa watu wanapiga miluzi na kupasua viti. Siku moja picha la koboi linaendelea, spika ikafa. Kimya. Opereta anahangaika na waya kule juu, mimi nategemea fujo, wapi bwana, watu wakaanza kuongea wenyewe. Adui akitokea nyuma ya mlango ukumbi mzima "nyuma yako, nyuma yako!", steringi akimwangalia yule binti kuna mzee mmoja siti za mbele akamtungia maneno ya posa mpaka watu wakalia kwa kucheka. Sauti iliporudi baada ya kama dakika 20 kuna waliolalamika. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwa nshaanza kukagua mikanda ya zamani huku Uingereza, kwamba picha la koboi lilizaliwa bubu na lilikuwa zima hivyo hivyo. Farasi, vumbi, sura ya mtu, mkono unaosogea kwenye bastola. Lugha ya nini hapo?

Ukitaka kuanza, anza na The Great Train Robbery ya 1903, kampuni ya Edison, mtengenezaji Edwin S. Porter, dakika kama 12 tu. Imepigwa New Jersey, sio Magharibi kabisa, misitu yake haifanani hata kidogo. Ila kuna ile fremu jambazi mwenye masharubu anaangalia kamera uso kwa uso, anakupiga risasi wewe uliyekaa kwenye kiti. Mwenye ukumbi aliachiwa aamue aiweke mwanzo au mwisho. Na mle ndani kuna kijana anaitwa Gilbert Anderson, aliajiriwa akidai anajua kupanda farasi, farasi akambwaga, wakampa kazi nyingine, akaigiza watu watatu tofauti kwenye picha moja. Huyo asiyejua kupanda farasi ndo miaka michache baadaye akawa Broncho Billy, steringi wa kwanza kabisa wa makoboi, na kampuni yake ya Essanay ikafungua studio mpaka Niles, California, ikawa inafyatua picha za makoboi kama mkate.

Lakini kinachonishika mimi sio Broncho Billy. Kinachonishika ni kwamba wakati hizi filamu zinapigwa, zile enzi zenyewe zilikuwa hazijaisha vizuri, wenyewe walikuwa bado wako hai na walikuwa wanahitaji hela. Mwaka 1908 huko Cache, Oklahoma, jimbo lenyewe lina mwaka mmoja tu tangu liingie kwenye muungano, walipiga picha inaitwa The Bank Robbery. Aliyeongoza ni Bill Tilghman, afisa wa serikali aliyekuwa anakamata majambazi kweli. Aliyeigiza jambazi ni Al Jennings, mwanasheria aliyegeuka akawa jambazi wa treni kweli, akafungwa kweli, akasamehewa. Yumo na Quanah Parker, chifu wa Wakomanche. Inasimuliwa kuwa wakati wanapiga kuna mtu alikuwa mle benki hakuambiwa, akaruka dirishani akijua wamevamiwa. Ukiitazama haivutii sana, kamera iko mbali, watu wadogo kama sisimizi, hujui nani ni nani. Ila yule anayekimbia na mfuko wa hela alishawahi kukimbia hivyo hivyo na watu wakimtafuta kwa bunduki. Utapata wapi kitu kama hicho tena? Emmett Dalton, wa lile genge la ndugu wa Dalton, naye alitoka jela akatengeneza filamu ya maisha yake mwaka 1918. Na Wyatt Earp alizeekea Los Angeles akizungukazunguka na watu wa sinema, alipofariki Januari 1929 waliobeba jeneza wamo Tom Mix na William S. Hart.

Huyo Hart ndo wangu. Kuna wakusanyaji wa Mix na kuna wa Hart, ni kama Simba na Yanga, na mimi sijifichi. Hart alizaliwa 1864, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, ameingia sinema 1914 anakaribia miaka 50, sura ndefu kama amechongwa kwenye gogo, hacheki. Nguo zake chafu, kofia imekunjika, nyumba zenye mbao zilizopasuka. Tafuta Hell's Hinges ya 1916, jambazi anayebadilika halafu anauchoma mji mzima, na kwenye kopi nzuri sehemu ya moto mkanda wenyewe umetiwa rangi nyekundu, skrini yote inakuwa kaa la moto. Watu wengi wanajua filamu bubu ni nyeusi na nyeupe tu, sio kweli, walikuwa wanachovya mkanda kwenye rangi, bluu kwa usiku, manjano ya asali kwa ndani ya nyumba yenye taa. Na zile mbio za kuchekesha unazoziona mitandaoni, watu wanatembea kama kuku, ni makosa ya kuzungusha tu. Kamera ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, fremu 16 mpaka 20 na kitu kwa sekunde, ukiiendesha kwa 24 za siku hizi lazima wakimbie.

Tom Mix yeye ni sarakasi. Kofia kubwa nyeupe, mashati ya nakshi, farasi Tony aliyekuwa maarufu mpaka akapewa filamu yenye jina lake. Sky High ya 1922 imepigwa kwenye Grand Canyon na imepona, itazame kwa mandhari, hadithi usiipe moyo. Watoto wa dunia nzima walitaka kuwa yeye, na ule ugonjwa haukuisha na sauti, hata Kinshasa miaka ya 50 kulikuwa na vijana wa mtaani wakijiita Mabill, kwa Buffalo Bill.

Sitaki nikudanganye kwamba zote ni tamu. Nyingi ni za hovyo, na nyingi zinawatukana wenyeji wa Marekani, Wamexico na watu weusi bila hata aibu. Ila hapo hapo kuna vitu ambavyo Hollywood ya baadaye ilivisahau. James Young Deer, mwenye asili ya wenyeji, alikuwa anaongoza filamu za kampuni ya Pathé kule Marekani toka 1910. The Daughter of Dawn ya 1920 imeigizwa na Wakomanche na Wakiowa watupu, zaidi ya watu 300, wamevaa nguo zao na kuleta mahema yao wenyewe, na watoto wawili wa yule chifu Quanah Parker wamo. Ilipotea miaka na miaka, ikaja kupatikana kwa mpelelezi wa kujitegemea ambaye mteja alimlipa mikanda badala ya hela! Leo iko kwa jumuiya ya historia ya Oklahoma. Na kuna Bill Pickett, koboi mweusi bingwa wa kumwangusha ng'ombe kwa mikono, aliigiza The Bull-Dogger iliyotoka 1921, ya kampuni ya Norman. Filamu yenyewe vimebaki vipande tu, ila bango lipo, na ukilipata orijino wewe umetoboa.

Turudi kwenye sanduku. Chukua rula. Ile mikebe midogo minne, pima upana wa mkanda. Kama ni sentimita 1.6 hiyo ni milimita 16, salama, haina nitreti, unaweza kulala nayo chumbani. Saizi hii ilianza 1923 kwa ajili ya majumbani, na Kodak walikuwa na maktaba ya kukodisha, Kodascope, mtu anaenda kuchukua rili la Hart Ijumaa anarudisha Jumatatu kama sisi tulivyokuwa na kanda za video. Kopi hizo mara nyingi zimekatwa fupi, ila ubora wa picha ni mzuri kuliko unavyotegemea. Baadaye miaka ya 50 mpaka 70 kuna kampuni ya Blackhawk, Davenport, Iowa, iliuza kopi nyingi sana za filamu bubu kwa watu wa kawaida. Hizo ni nzuri kutazama, ila hazina hela ya maana.

Utajuaje ipi ni ipi? Shika mkanda kwa kingo zake, vaa glavu za pamba, uelekeze kwenye mwanga wa dirisha, angalia pembeni kabisa karibu na matundu. Kodak walikuwa wanaweka alama ndogo ya mwaka wa kutengenezwa mkanda: mduara mmoja ni 1916, 1936 au 1956, mraba ni 1917, 1937 au 1957, pembetatu ni 1918, 1938 au 1958, zinaendelea hivyo na kurudia kila miaka 20. Kwenye milimita 16 ile miaka ya kabla ya 1923 unaitoa mwenyewe, saizi hiyo ilikuwa haijaanza. Utaona pia neno SAFETY au NITRATE, ila kuwa makini, kopi mpya ikichapwa kutoka mkanda wa zamani inaweza ikabeba maandishi ya mama yake, kwa hiyo unaweza ukakuta yote mawili kwenye kingo moja. Lile lililo jeusi kali ni la kwake, lililofifia ni la kurithi, kwa kawaida.

Alafu nusa. Ukisikia siki, kama umefungua chupa ya achari, mkanda umeanza kuugua, uutenge na wenzake manake unaambukiza. Nitreti inayooza yenyewe inanuka soksi za mtu aliyecheza mpira wiki nzima, inakuwa ya kunata, inatoa mapovu, mwisho inakuwa unga wa kahawia. Ikifika kwenye unga usiguse, piga simu zimamoto wakuelekeze.

Na tafadhali, usije ukanunua projekta kwenye soko la mitumba ukauweka mkanda uone. Mikanda ya miaka 90 imesinyaa, matundu hayalingani tena na meno ya mashine, itachanwa kama kitenge kibovu mbele ya macho yako. Tumia lenzi na tochi ya simu, soma kichwa cha picha na majina, basi.

Karatasi za Tom Mix sasa. Pima: inchi 11 kwa 14, yaani karibu sentimita 28 kwa 36? Hizo ni kadi za lobi, zilikuwa zinabandikwa kwenye mlango wa ukumbi, kawaida seti ya 8, moja ina jina la picha kubwa na zingine ni matukio. Wewe una sita, kama yenye jina imo umebahatika, hiyo na ile yenye sura ya Mix karibu na farasi ndo zinagombewa, zile za watu wamekaa mezani wanaongea huwa za mwisho.

Feki zipo kibao. Mimi mwenyewe, na uzoefu wote huu, nilishawahi kununua bango la Hart kwa muuzaji mmoja, siku hiyo nilikuwa na haraka ya treni, limefika nyumbani nikazima taa nikaliwashia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti feki, likawaka jeupee kama shati la mtu aliyeingia disko. Karatasi za kabla ya miaka ya 50 haziwaki hivyo, ile dawa ya kung'arisha karatasi ilikuwa haijaanza kutumika. Nilikaa nikalitazama kama dakika tano hivi. Hela haikurudi. Kwa hiyo nunua hiyo taa, ni bei ya soda chache, na kadi zako zikibaki na rangi ya chai iliyopoa chini ya ule mwanga, shusha pumzi. Angalia na pembeni, vitundu vya pini kwenye kona ni dalili nzuri, zilibandikwa kweli. Ukiona selotepu usiibandue. Na nakuomba sana, najua sisi tulivyo, usipeleke laminesheni!

Hela sasa. Kadi zikiwa orijino ndo zina soko leo hii hii, kwenye minada ya mabango, na bei inapandishwa na kama filamu yake imepotea. Milimita 16 ya Blackhawk ni ya kutazama na kumpa rafiki. Ule mkebe wa kutu kuuza ni balaa, nitreti ni mzigo wa hatari, huwezi kuipeleka posta kama kifurushi. Usije ukafikiria na kuuza kopi kwa madai kwamba picha ni yako, filamu za Marekani zilizotoka kabla ya 1930 hakimiliki yake kule imeisha, yeyote anaweza kuchapa, ulichonacho wewe ni kitu chenyewe.

Lakini sikiliza kwanza. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge ya Marekani ilitoa utafiti wa David Pierce: filamu ndefu bubu za Marekani za 1912 mpaka 1929 ni 10,919, na zilizobaki kamili kwa umbo la mwanzo la milimita 35 ni asilimia 14 tu. Asilimia nyingine 11 zimebaki kama kopi za nchi za nje au za mikanda midogo kama hiyo yako. Ndo maana mkebe wa mtaani una heshima. Straight Shooting ya John Ford ya 1917 ilipatikana kwenye hifadhi ya Wacheki. Dawson City, Kanada, 1978, walikuwa wanachimba wakakuta mikanda zaidi ya 500 imefukiwa chini ya uwanja wa mchezo wa barafu, kule ndo ilikuwa mwisho wa njia, kurudisha filamu ilikuwa gharama kuliko kuifukia, na ile baridi ya ardhi ndo iliitunza.

Kwa hiyo ukishasoma jina la picha, liingize kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge ya filamu bubu zilizopona, iko wazi mtandaoni, bure. Ikisema imepotea, usiuze kitu chochote siku hiyo. Waandikie wenyewe, kituo chao cha Culpeper, Virginia kina vyumba 124 vya kutunzia nitreti, au George Eastman Museum kule Rochester, New York. Ukiandika ambatisha picha ya mkebe, upana, alama za pembeni na kichwa cha picha, na uwaulize kabisa kuhusu usafirishaji, usiupakie kwenye gari mwenyewe.

Kama jina halipo kabisa mwanzoni mwa mkanda, limekatika, hilo sio tatizo kubwa, sisi tunatambua picha kwa kofia, kwa farasi, hata kwa mlima wa nyuma. Nipigie picha fremu tano au sita za sehemu tofauti, na kama yupo farasi hakikisha uso wake unaonekana, manake Tony ana mstari mweupe usoni nikimwona tu namjua, na Fritz, farasi wa Hart, ana mabaka. Anza na ile mikebe midogo. Ule wa kutu subiri siku ya baridi, mchana, nje, na shemeji akushikie mlango.